Biskuti za Krismasi za Nuremberg

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, nyumba nyingi za Ujerumani hubadilika harufu. Nje baridi ni kali, miti imepukutika majani, na jua huchwa mapema, muda mfupi tu baada ya saa kumi alasiri. Lakini jikoni mna joto. Juu ya meza umetandazwa unga uliokandwa kwa asali, nao watoto wanaukata kwa vyuma vidogo vyenye umbo la nyota, moyo na mwezi mwandamo. Harufu ya karafuu, mdalasini na iliki imeenea mpaka mlangoni. Biskuti hizo zikiisha kuokwa na kupoa hupangwa katika mikebe ya bati, mikebe ikafungwa utepe, na kila mmoja ukapelekwa kwa mwenyewe: huu wa bibi, huu wa jirani, huu wa mwalimu, na huu wa mtu aletaye barua. Zawadi hii haikununuliwa dukani. Aliyeitoa ameitengeneza kwa mikono yake, na aipokeaye hujua hivyo kabla hajaufungua mkebe.

Mtu akiitazama kwa haraka ataiona kuwa ni jambo dogo, tena la watoto. Lakini yafaa tujiulize swali moja. Mkarafuu hauoti penye theluji. Mdalasini, iliki, tangawizi na kungumanga navyo vyataka nchi ya joto na mvua nyingi. Ilikuwaje basi viungo hivi vikaingia katika jiko la nchi ya baridi, vikakaa humo zaidi ya miaka mia sita, hata Mjerumani wa leo akahisi kwamba bila ya harufu yake Krismasi haijafika? Na tena, ni nani aliyelipa gharama ya safari yao? Jibu la swali hili si fupi, na sehemu yake imepita katika pwani yetu wenyewe. Kwa hiyo ni jibu linalotuhusu.

Kwanza tuzijue biskuti zenyewe, kwa maana ziko za namna nyingi. Iliyo mashuhuri kupita zote huitwa Lebkuchen. Ni nene, laini, rangi yake ya hudhurungi, nayo hutiwa asali, lozi na viungo vingi. Spekulatius ni nyembamba na kavu, hupigwa chapa ya picha kwa kibao cha mti kilichochongwa, na tangu zamani huandamana na siku ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba. Zimtsterne ni nyota za mdalasini, zilizopakwa weupe wa yai na sukari. Pfeffernüsse ni vidonge vidogo vya mviringo, na maana ya jina lao ni njugu za pilipili. Jina hili lisimdanganye msomaji. Nyingi katika hizo hazina pilipili hata chembe. Zamani Wajerumani walitumia neno la pilipili manga kwa viungo vyote vitokavyo mbali, kwa sababu pilipili manga ndiyo iliyokuwa mkuu wa viungo hivyo sokoni. Hata leo katika sehemu nyingine za Ujerumani, Lebkuchen huitwa mkate wa pilipili. Jina limehifadhi kumbukumbu ya biashara ambayo wengi wameisahau.

Sasa twende Nuremberg, mji ulioko kusini mwa Ujerumani katika jimbo la Bavaria. Biskuti za asali na viungo zimetajwa katika mji wa Ulm mwaka 1296, na katika Nuremberg fundi wa kuzioka ametajwa mwaka 1395. Lakini Nuremberg ndio uliopata sifa kuliko miji yote, na sababu zake zaonekana wazi. Sababu ya kwanza ni msitu. Mji ule ulizungukwa na msitu mkubwa wa mfalme, na ndani ya msitu waliishi warina asali waliokuwa na sheria zao na mahakama yao wenyewe katika kijiji cha Feucht. Mwaka 1350 Mfalme Karl wa Nne aliwapa hati ya kuthibitisha haki zao. Nao kwa upande wao walitakiwa kumtumikia mfalme kwa pinde za mtambo wakati wa haja. Watu waliuita msitu ule bustani ya nyuki ya dola. Katika siku zile sukari ilikuwa adimu mno Ulaya, na mtu aliyetaka kitu kitamu alitaka asali. Nuremberg ulikuwa na asali mlangoni pake.

Sababu ya pili ni njia za biashara, ambazo nyingi zilikutana katika mji huo. Wafanyabiashara wake walivuka milima ya Alps mpaka Venice, na huko Wajerumani walikuwa na jumba lao kando ya mfereji mkubwa, lililotajwa tangu mwaka 1228, ambamo walilala, wakaweka bidhaa zao na kufanya biashara chini ya macho ya watoza ushuru wa mji. Venice ulikuwa mlango wa viungo. Pilipili manga, tangawizi na iliki zilitoka Malabar, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Mdalasini bora ulitoka kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka. Karafuu zilitoka visiwa vya Maluku, na kungumanga pamoja na basibasi zilitoka visiwa vidogo vya Banda, mbali sana mashariki, katika nchi ambayo sasa ni Indonesia. Mizigo hii ilivushwa bahari kwa pepo za msimu, ikapita Ghuba ya Uajemi au Bahari ya Shamu, ikabebwa na ngamia, ikafika Aleksandria au bandari za Shamu, na huko ndiko Wavenice walikoinunua. Kila mkono ulioupokea mzigo uliongeza faida yake, na kila mlango ulitoza ushuru wake. Kiungo kilipofika Nuremberg bei yake ilikuwa imepanda mara nyingi.

Kwa hiyo biskuti ya viungo haikuwa chakula cha maskini. Watawa waliipika katika nyumba zao za ibada, kwa kuwa walikuwa na nyuki, wakihitaji nta ya mishumaa ya kanisa, na tena walivithamini viungo kuwa ni dawa ya tumbo. Mpaka leo unga wa Lebkuchen nyingi huwekwa juu ya kaki nyembamba isiyotiwa chachu, mfano wa ile itolewayo katika misa, ili usigande katika sinia ya tanuri. Yasimuliwa pia kuwa katika miaka ya 1480 Mfalme Friedrich wa Tatu, alipokuwa Nuremberg, aliwaita watoto wa mji wapatao elfu nne, akawagawia Lebkuchen zenye picha ya sura yake. Kwa wengi wao hapana shaka hiyo ilikuwa ladha ambayo hawakuizoea nyumbani. Hapo twaona jambo la kukumbukwa: biskuti ilikuwa zawadi tangu zamani, lakini ilikuwa zawadi ishukayo kutoka kwa mkubwa kumwendea mdogo. Ilichukua miaka mingine mia tatu na zaidi kabla mtoto wa fundi hajaweza kumpelekea bibi yake zawadi kama ile iliyotoka mkononi mwa mfalme.

Hapa ndipo historia ya Nuremberg inapogusana na historia yetu. Wareno walitaka kuvifikia viungo bila kupitia kwa Wavenice. Mwaka 1498 Vasco da Gama, akiwa amekwisha kuizunguka ncha ya kusini ya Afrika, alifika Mombasa, ambako hawakuaminiana na wenyeji, kisha akafika Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha mpaka Kalikuti katika Malabar. Njia mpya ilikuwa imefunguka. Habari hizi zilipofika Ujerumani, wafanyabiashara waliozoea njia ya Venice walifahamu kuwa utajiri umehamia Lisbon, nao wakaufuata.

Mwaka 1505 Mfalme Manuel wa Ureno alituma msafara wa merikebu zaidi ya ishirini, mkuu wake akiwa Dom Francisco de Almeida. Mfalme alihitaji fedha, nao Wajerumani walikuwa nazo. Nyumba za biashara za Augsburg na Nuremberg zikaruhusiwa kuweka mtaji katika merikebu tatu za msafara ule. Jumla ya mtaji wao ilikuwa cruzado 36,000, fedha za dhahabu za Ureno. Akina Welser wa Augsburg pamoja na wenzao walitoa sehemu kubwa zaidi, cruzado 20,000. Na miongoni mwa wachangiaji walikuwamo akina Imhoff kwa cruzado 3,000 na akina Hirschvogel kwa cruzado 2,000. Familia hizi mbili zilikuwa za Nuremberg, mji ule ule wa Lebkuchen.

Msafara huo ulifika Kilwa mwezi wa Julai. Wareno wakaushambulia mji, wakamfukuza sultani wake, wakaweka mwingine wamtakaye, wakajenga ngome. Mwezi wa Agosti wakafika Mombasa. Watu wa Mombasa walipigana kwa ushujaa katika vichochoro vya mji wao na juu ya madari ya nyumba zao, lakini mji ukatiwa moto, ukatekwa, ukaporwa, na watu wengi wakauawa. Mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenziwe wa Malindi barua ya huzuni, akimweleza jinsi alivyorudi mjini na kuona kilichosalia.

Habari hizi hatukuzipata kwa Wareno peke yao. Ndani ya merikebu walikuwamo Wajerumani walioandika waliyoyaona. Mmoja ni Balthasar Springer, wakili wa akina Welser, ambaye maelezo yake ya safari yalipigwa chapa mwaka 1509. Wa pili ni Hans Mayr, aliyesafiri katika merikebu moja ya wafanyabiashara hao. Mayr aliyaeleza majumba ya mawe ya Mombasa yenye ghorofa, pamoja na moto uliouteketeza mji. Alieleza pia mazao ya Kilwa, na katika hayo hakuisahau asali na nta, wala mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Mtu aliyetoka katika nchi ya warina asali aliitambua mizinga ya watu wengine, na hata hivyo mji wa watu hao ulikwisha kutekwa mbele ya macho yake.

Merikebu zilizopakia zilirudi Lisbon mwaka 1506 zikiwa zimejaa pilipili manga na viungo vingine. Sisemi kuwa kila biskuti iliyookwa Nuremberg mwaka ule ilinuka moshi wa Mombasa. Viungo vya mji ule viliendelea kuja kwa njia nyingi, na fundi aliyekanda unga hakuwa na habari za Kilwa. Lakini si haki kusema kwamba mambo haya mawili hayakujuana. Mtaji uliotoka Nuremberg ulisafiri pamoja na mizinga ya vita, na mzigo ulioufuata mtaji huo ulifika katika maduka yale yale waliyonunua waokaji.

Wareno hawakuwa wa mwisho. Katika karne iliyofuata Waholanzi waliwaondoa katika visiwa vingi vya viungo. Mwaka 1621 gavana wao Jan Pieterszoon Coen aliviteka visiwa vya Banda ili kungumanga iwe ya Waholanzi peke yao, na sehemu kubwa ya wenyeji waliuawa, walikufa kwa njaa, au walichukuliwa utumwani. Karafuu nayo waliifungia katika visiwa vichache vya Maluku, wakaamuru mikarafuu ya mahali pengine ikatwe. Kizuizi hicho kilivunjika mnamo mwaka 1770, Wafaransa walipofaulu kuitoa miche kwa siri na kuipanda katika kisiwa cha Mauritius. Kutoka visiwa vya Wafaransa, mikarafuu ikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Yaliyofuata twayajua sana. Seyyid Said wa Omani aliyahimiza mashamba ya karafuu, na yasimuliwa kuwa alimwamuru kila mwenye shamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Katika muda usiofika hata nusu karne, Unguja na Pemba zikawa chimbuko kubwa la karafuu za dunia. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilifanya mapatano ya biashara na Zanzibar, na Wajerumani, ambao wazee wetu wa pwani waliwaita Wadachi, wakawa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa mji huo. Lakini ni nani aliyepanda juu ya mkarafuu? Karafuu ni tumba la ua, na lazima lichumwe kwa mkono kabla halijafunuka, kisha lichambuliwe na kuanikwa juani kwa siku kadhaa. Kazi hii ilifanywa na maelfu ya watumwa waliotolewa bara, wengi wao kutoka nchi za karibu na Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Katika miaka hiyo yote, karafuu za visiwa vyetu zilikuwa zikiingia katika majiko ya Ulaya.

Tumeuona upande mchungu wa habari hii. Upande wa pili ni ule wa watu wa kawaida wa Ujerumani, na huo nao una haki ya kusimuliwa, maana hawakuwa wao waliochoma miji.

Kwa muda mrefu kuoka Lebkuchen kwa ajili ya kuuza kulikuwa kazi ya mafundi waliojifunza. Mwaka 1643 waokaji wa Lebkuchen wa Nuremberg walipata chama chao wenyewe, mbali na chama cha waoka mikate. Chama kililinda siri za kazi, kikachagua nani aruhusiwe kuwa fundi, na kikazuia wengine wasiuze. Bidhaa zao zilitafutwa hasa katika soko la Krismasi la mjini. Ushahidi mmoja wa kale wa soko hilo ni kasha dogo la mti lililochorwa maua, ambalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Nuremberg. Chini yake pameandikwa kuwa lilipelekwa kwa mwanamke mmoja kama zawadi kutoka soko la Mtoto Kristo, mwaka 1628. Mwaka huo Ujerumani ilikuwa katikati ya vita vilivyodumu miaka thelathini. Hata hivyo kulikuwa na mtu aliyekumbuka kupeleka zawadi.

Karne ya 19 ndiyo iliyoitoa biskuti katika mikono ya mafundi na kuitia katika jiko la kila mama. Mabadiliko yalikuwa mengi. Mwaka 1747 mwanakemia Andreas Marggraf wa Berlin aligundua kuwa mzizi wa mmea mmoja wa jamii ya bitiruti una sukari sawasawa na ile ya miwa. Mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, akaanzisha kiwanda cha kwanza cha sukari hiyo huko Silesia mwaka 1801. Baadaye viwanda vikaongezeka, bei ikashuka, na sukari iliyokuwa ya matajiri ikafika katika meza ya mfanyakazi. Viungo navyo vilishuka bei kadiri mashamba yalivyozidi na meli za moshi zilivyopunguza siku za safari. Jiko la chuma lenye tanuri likaingia nyumbani. Vitabu vya mapishi vikaenea, kama kile cha Henriette Davidis kilichoanza kupigwa chapa katika miaka ya 1840. Na mwaka 1891 mfamasia August Oetker wa mji wa Bielefeld alianza kuuza hamira ya unga katika pakiti ndogo zilizopimwa tayari, hata mpishi asiye na uzoefu akaweza kuutumaini unga wake.

Katika karne hiyo hiyo Krismasi yenyewe ilizidi kuwa siku kuu ya nyumbani, yenye mti wenye mishumaa na sahani ya kila mtoto iliyojaa biskuti, njugu na matofaa. Basi mama aliyekuwa na fedha kidogo aliona njia ya kutoa bila ya aibu. Hakuweza kumnunulia kila mtu kitu, lakini aliweza kuoka. Mapishi yaliandikwa kwa mkono katika daftari, na binti alipoolewa alinakili daftari la mama yake. Mpaka leo katika nyumba nyingi za Ujerumani hakuna kitabu kinachotunzwa kwa wivu kama daftari hilo lenye madoa ya siagi.

Namna ya kuoka ni hivi. Asali hutiwa moto polepole pamoja na sukari na mafuta, kisha huachwa ipoe. Hutiwa unga wa ngano, lozi zilizosagwa, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, na viungo: mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi, kungumanga, basibasi, giligilani na vinginevyo. Ili unga upate kuumuka, wazee walitumia chumvi ya majivu ya kuni, iliyo ndugu wa magadi tunayotia sisi katika mboga. Wengine walitumia chumvi iliyopatikana zamani kwa kuchoma pembe za kulungu. Chumvi ya majivu huufanya unga utanuke kwa upana, na ile ya pembe huuinua juu. Kisha unga hufunikwa na kuwekwa mahali pa baridi. Wengine huulaza usiku mmoja, na wengine, kwa mapishi ya kale, huulaza majuma au hata miezi, ili ladha za viungo zipate kuungana.

Zitokapo motoni, Lebkuchen nyingi huanza laini, kisha zikipoa huwa ngumu kama kigae. Mgeni angefikiri zimeharibika. Mpishi hujua la kufanya: hutia kipande cha tofaa ndani ya mkebe, naye hungoja. Asali huvuta unyevu taratibu, na baada ya siku kadhaa biskuti huwa laini tena. Ndiyo sababu huokwa mapema, majuma kadhaa kabla ya siku kuu. Na kwa kuwa asali na sukari huzuia ukungu usishike upesi, biskuti hizi huvumilia safari ndefu. Zawadi iwezayo kukaa mwezi mzima bila ya kuharibika yaweza kumfikia mtu aliye mbali.

Jambo hili lilionekana hasa wakati wa taabu. Katika vita vya kwanza vya dunia, vilivyoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza zilifunga njia za bahari, na viungo, mafuta na unga vikawa adimu. Majira ya baridi ya mwaka 1916 na 1917 yaliitwa majira ya tanipu, kwa kuwa watu wengi hawakuwa na chakula kingine. Katika vita vya pili, tarehe 2 Januari 1945, ndege za Uingereza ziliupiga Nuremberg kwa mabomu, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikageuka vifusi katika muda usiotimia hata saa moja. Hivyo mji uliokuwa na mtaji katika msafara uliochoma Mombasa ulipata nao kuujua moto. Soko la Krismasi lilifunguliwa tena mwaka 1948, wakati nyumba nyingi zilikuwa bado hazijajengwa upya.

Baada ya vita Ujerumani iligawanyika kuwa nchi mbili, tangu mwaka 1949 hadi mwaka 1990. Upande wa mashariki lozi, zabibu na maganda ya matunda yaliyotiwa sukari yalikuwa shida kupatikana, hata viwanda vikatengeneza badala yake kwa nyanya mbichi zilizopikwa kwa sukari. Ndugu wa magharibi walipeleka vifurushi vyenye vitu hivyo kwa njia ya posta. Ndugu wa mashariki walivioka, na mwezi wa Desemba kifurushi kikarudi magharibi kikiwa na keki ya Krismasi. Aliyepewa hakukubali kuwa mpokeaji tu. Alirudisha kile alichopewa, kikiwa kimetiwa kazi ya mikono yake. Nadhani hapana mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha tofauti kati ya zawadi na sadaka.

Leo jina la Lebkuchen za Nuremberg linalindwa na sheria. Tangu mwaka 1927 haliwezi kutumiwa kwa biskuti zilizookwa nje ya mji huo, na mwaka 1996 ulinzi huo ulikubaliwa na Umoja wa Ulaya. Zilizo bora kabisa, ziitwazo Elisenlebkuchen, lazima robo yake au zaidi iwe lozi na kokwa za namna hiyo, na unga usizidi sehemu moja katika kumi. Sheria hizi ni za maduka na viwanda. Hakuna sheria inayomzuia mtoto kuoka za kwake na kuzifunga utepe.

Je, tukizijua habari hizi zote, utamu wa zawadi hii utapungua? Mimi sioni hivyo. Mtoto wa Nuremberg aokaye leo hana hatia ya mwaka 1505, wala mchuma karafuu wa Pemba wa leo si mtumwa. Lakini kusahau ni jambo jingine. Mji uliochomwa na watu waliouzwa wana haki moja kwetu ambayo hakuna awezaye kuilipa kwa fedha, nayo ni kwamba wasiachwe nje ya hesabu. Mpishi akitia karafuu katika unga na akajua ilikotoka, zawadi yake haikuharibika. Amewataja, japo kwa moyo tu, watu wengi waliomsaidia kuitengeneza.

Nawe, kijana msomaji, usingoje mpaka ufike katika makumbusho ndipo uanze kujifunza historia. Chukua kitu chochote kilichoko jikoni kwenu: punje ya pilipili manga, kijiko cha sukari, jani la chai. Uliza kilianza kuota wapi, nani alikileta, nani alipata faida, na nani alifanya kazi asilipwe. Utakapolijibu swali la mwisho utakuwa umeifikia sehemu ya historia ambayo mara nyingi haikuandikwa na wenyewe.